Siku Picha Iliposhuka

Jumapili, 9 Novemba

Basi la kampuni limechelewa tena kututoa mabwenini Al Wukair, huku Uarabuni. Nimefika makumbusho nimeshachoka, na kazi haijaanza. Nimesimama karibu na picha ninayoilinda mpaka jioni. Nyumba kubwa ya Uingereza, ya enzi za Malkia Victoria, mabomba ya moshi hayahesabiki. Msanifu aliichora kwa rangi za maji ili tajiri fulani avutiwe, ampe kazi ya kuijenga. Tajiri akakataa. Haikujengwa kamwe.

Baba angecheka sana. Baba ni fundi wa mawe. Alikuwa. Bado sijazoea.

Yuko mochari Webuye, wananingoja mimi. Katika boma letu mtoto wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza. Wa kwanza ni mimi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwendea supavaiza wetu, Bwana Masinde, Mkenya mwenzangu. Likizo yangu ilifika tangu Julai. Amesema: "Dada, vumilia kidogo. Picha inashuka Jumatano, chumba kinafungwa, wewe unaenda." Nakato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, alikuwepo, amesikia kwa masikio yake.

Nimempigia ndugu yangu Wafula. Nikamwambia, zikeni Jumamosi, nakuja. Akauliza kama nina hakika. Akauliza tena. Nikamfokea bure.

Jumanne, 11 Novemba

Miguu imefura. Chumba baridi, taa hafifu.

Mama mtunza picha amekuja kupima mwanga. Amenieleza kwa upole kwamba rangi za maji huchoka. Zikikaa miezi michache kwenye mwanga, hata huu mdogo, lazima ziwekwe gizani zipumzike miaka kadhaa. Miaka! Nikamtazama tu. Mimi nasimama chini ya taa hizo hizo na hakuna aliyewahi kunipima.

Nakato amenifungia begi. Amenikopesha gauni lake jeusi. Halinitoshi vizuri kifuani lakini aki nimeshukuru.

Jumatano, 12 Novemba

Picha imeshuka asubuhi. Watu wawili, glavu nyeupe, wameibeba kama mtoto mchanga. Nikaenda ofisini moja kwa moja.

Bwana Masinde hakuinua kichwa. Akasema mlinzi wa ukumbi wa mazulia anaumwa, hakuna mwingine. Kesho niko mazulia. Na likizo? Mwezi ujao, Mungu akipenda.

Nilimwambia ni mwongo. Walai, nilimwambia usoni. Nadhani hata yeye amebanwa na walio juu yake. Sikumwonea huruma.

Picha imepewa likizo. Mimi nimepewa mazulia.

Alhamisi, 13 Novemba

Nakato anasema niende tu, liwalo na liwe. Rahisi kusema. Nikiondoka bila ruhusa sirudi tena, na nyumba nzima kule inakula kwa miguu hii.

Wafula ameongea polepole kwenye simu. Afadhali angenitukana. Hawawezi kuahirisha tena, wageni wameshaanza kuingia, hema limesimamishwa. Nekesa, mdogo wetu, atatupa udongo badala yangu. Nimesema sawa. Kisha nimefungulia maji bafuni nikalia.

Ijumaa, 14 Novemba

Ibada huku huwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, lakini sijaenda kanisani. Nimelala mchana kutwa. Begi bado limefungwa, sina nguvu ya kulifungua.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa za hapa na za kwetu ni moja. Hakuna hata kisingizio cha kukosea.

Simu haturuhusiwi nayo ukumbini, inabaki kwenye kabati. Wafula alikuwa ameniambia jeneza litateremshwa saa saba. Ilipofika saa saba nilisimama wima mlangoni, nikaunganisha mikono mbele.

Mgeni mmoja akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha.