Mama Njoki Alipogonga Geti Tena

Jumamosi, Eldoret. Mvua imenyesha tangu mchana na haionyeshi dalili ya kuacha.

Nimevua viatu vyangu vya matope, nimeketi kitandani, na sina hamu ya chai wala ya mtu. Naandika kwa sababu nisipoandika nitalia.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu ya Jumamosi. Tangu ghasia za uchaguzi zitulie, nimekuwa nikifanya maigizo na vijana wa mtaa wa Huruma, Wakalenjin na Wakikuyu pamoja, katika ukumbi wa kanisa. Mimi ni Mluhya niliyezaliwa hapa hapa mjini, kwa hivyo pande zote mbili huniona kama mtu wa katikati. Tunaigiza kisa kinachoishia vibaya, kisha tunakirudia, na yeyote aliyeketi anaweza kusema "simama", aingie, achukue nafasi ya mhusika na ajaribu njia nyingine. Nimeona watu wakicheka pamoja kwa njia hiyo, watu ambao hawakuwa wakitazamana. Nilikuwa nimeanza kuiamini.

Leo kisa kilikuwa cha mama anayekimbia na watoto, nyumba yake ikiwaka nyuma. Anagonga geti la jirani na jirani hafungui. Vijana walikitunga wenyewe kutokana na mengi waliyoyasikia, na hatukutaja jina la mtu. Aliyeigiza jirani ni Jeruto, msichana Mkalenjin, mwigizaji wetu bora, mwenye sauti inayofika hadi kiti cha mwisho.

Tulipoanza kukirudia, mwanamke mmoja nyuma akasema simama.

Alikuwa Mama Njoki, Mkikuyu anayeuza sukuma wiki sokoni. Baada ya nyumba yake kuchomwa alikaa kwenye mahema ya waliofurushwa kwa muda mrefu kabla ya kurudi Huruma. Amekuwa akija karibu kila Jumamosi bila kufungua mdomo. Nakiri kwamba nilifurahi sana. Nilijiambia, hatimaye.

Aliweka mfuko wake chini, akakunja ngumi, akagonga hewani.

"Mama Jeruto, ni mimi. Fungua, niko na watoto."

Nilidhani amechanganya jina la mwigizaji na la mhusika. Kisha nikamwona Jeruto alivyobadilika uso. Alitakiwa kusema tulivyozoea, kwamba nenda, hata mimi naogopa. Hakusema hivyo.

"Tulikuwa ndani," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mama alituambia tunyamaze."

"Najua. Niliona taa ikizimwa."

Mama Njoki akaendelea polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mumewe alimwacha na watoto kando ya geti hilo, akarudi kujaribu kuomba hifadhi nyumba nyingine. Hawakumwona tena. Nilijua ni mjane. Sikujua kwamba ni getini hapo alipomwona mumewe mara ya mwisho.

Jeruto alijaribu kueleza. Kuna watu walikuwa wamepita wakisema atakayeficha mtu atachomwa naye, na yeye na wadogo zake walikuwa chini ya kitanda. Maneno yakamkatika, akatoka nje kwenye mvua bila sweta. Hapo kila mtu akaanza kusema. Mzee mmoja alilalamika kwamba tuliambiwa haya ni maigizo tu. Vijana ambao kwa miezi wamekuwa wakiketi wamechanganyika wakainuka na kusimama mbalimbali, Wakikuyu upande wa dirisha, Wakalenjin upande wa mlango. Hakuna aliyewaambia.

Nilifunzwa kuanzisha mchezo, kuusimamisha na kuuliza maswali. Leo sikuwa na swali.

Nilimfuata Mama Njoki nikamwomba msamaha. Alisema hakuja kumwaibisha yule msichana. Alitaka tu siku moja agonge na mtu amjibu. Akachukua mfuko wake akaenda.

Kutoka hapo nikaenda kwa kina Jeruto. Mama yake alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Alisema msichana amejifungia na hatarudi kwenye maigizo. Halafu akaniambia jambo ambalo halijanitoka kichwani.

"Mwalimu, mimi na Mama Njoki tulikuwa tumeanza kusalimiana. Nilikuwa nanunua mboga kwake. Hatukuwa tumeongea yale mambo, lakini alikuwa ananiongeza majani kidogo na mimi namuulizia watoto. Sasa nitapita wapi?"

Alifunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwaza hayo majani ya sukuma. Labda amani yote waliyokuwa nayo ilikuwa hapo, kwenye fungu la mboga na salamu, na mimi ndiye niliyeivunja kwa jina la kuwasaidia. Au labda haikuwa amani. Labda Mama Njoki alikuwa anaongeza majani huku akiiona ile taa ikizimwa kila siku. Sijui. Nimechoka kutojua.

Kesho ni Jumapili. Mimi, Mama Njoki na mama yake Jeruto husali misa moja, na kuna ile saa padre husema tutakiane amani, watu wageukiane na kupeana mikono.

Nitatazama wapi?