Siku Nkambo Aliponiita Mama

Kwako Ngoie, mutoto wa dada yangu tunayemulilia,

Huku Kamina tuko. Mutoto wangu muchanga anaota meno, silali. Katika barua yako umeniuliza, kisha kuona filme moja ya malaika, kama malaika mulinzi iko kweli.

Mama yetu, miye na mama yako, alipokufa, nilikuwa na miaka kama yako. Nilifunga nguo, nikaenda gare kupanda treni, nikimbie kilio. Nkambo, aliyemuzaa mama, akanifuata pekupeku. Aliniita Mama tangu nizaliwe, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama, mutoto wangu amekufa. Na weye unaniachia nani?"

Nilitaka wa kunilinda, kumbe yeye njo alikuwa ananitafuta miye nimulinde. Nikamushika mukono, tukarudi.

Malaika sikumuona, Ngoie. Lakini nasikia baba yako anakula peke yake. Leo ukae naye.

Mama yako mudogo