Kwenye Daftari Niliandika Tumebadilishana

Baba Koku,

Mpaka wiki iliyopita theodolaiti yako, darubini yako ya kupimia pembe, ilikuwa stoo, kwenye sanduku lake la njano, na mtu alikuwa ameifunika gunia. Tangu tukuzike Kagoma, miezi minne sasa, hakuna aliyetaka kuibeba. Wanasema uliivujia machozi, na kwamba ugonjwa unakaa kwenye kioo. Watu waliosoma hao, wanaoshinda wakipima pembe! Lakini siwezi kuwacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza.

Unaikumbuka siku ya meli. Abiria walikuwa wamelalamika kwamba ikijaa ndizi na watu inalala upande mmoja na kuchelewa kuinuka, nasi tukatumwa tuipime inavyoyumba, ikiwa imepakia na kutia nanga mbele ya gati la Bukoba. Wewe ulikaa ufukweni upande wa kaskazini, mimi kusini, kila mtu na theodolaiti yake. Asubuhi tulilinganisha saa zetu kwa milio ya redio. Ukanipa kahawa ya kutafuna kama kawaida yako, nami nikaitia mfukoni badala ya mdomoni. Uliona. Kisha kila baada ya sekunde kumi, mimi na wewe kwa wakati mmoja, tukawa tunalenga ncha ya mlingoti na kuandika pembe. Kazi hiyo uliijulia vitani, ulipokuwa ukipimia mizinga ng'ambo ya Mto Kagera. "Mpola mpola, mwanangu," ulizoea kuniambia, "mlingoti haukimbii." Siku hiyo mlingoti ulikuwa unakimbia kweli.

Katikati ya kazi tulitakiwa kubadilishana. Mimi nikae kwenye chombo chako, wewe ukae kwenye changu, ili kama kuna kosa lijulikane ni la chombo au la mtu. Nilipofika kwako nilikukuta unafuta kioo cha kuchungulia kwa spiriti na leso safi. Shati lilikuwa linakupwaya, na jicho la kulia lilikuwa linatoka machozi. Ukasema, "Nimekifuta vizuri, Advera." Nikakujibu kwamba macho yananiuma, tuendelee hivyo hivyo. Ukanitazama.

"Haya, waitu," ukasema kwa upole.

Basi. Nikarudi kwangu. Jioni tulipounganisha kurasa zetu, nikaandika juu yake kwa mkono wangu: tumebadilishana. Ukasoma, ukatia sahihi.

Nilikuogopa, Baba Koku. Wewe uliyenifundisha kazi kule Kimwani, uliyenivua viatu vilivyojaa matope nikiwa nimechoka kama mtoto, nilikuogopa.

Vipimo vyako vilionyesha meli inalala vibaya. Vyangu vilionyesha imetulia. Mkuu wetu akafungua daftari mbele ya ofisi nzima, akasema kama hawa walibadilishana vyombo, na bado namba kubwa ni za huyu huyu, basi tatizo si chombo, ni mikono ya mgonjwa. Akazipiga kurasa zako mstari mwekundu. Ulikuwa umekaa karibu na dirisha, kofia magotini. Neno langu moja lingetosha. Na wewe ulikuwa nalo neno hilo hilo, ukalimeza kwa ajili yangu. Nakukasirikia kwa hilo mpaka leo. Nisamehe, lakini nakukasirikia.

Hukurudi kazini tena. Nilikuja Kagoma mara moja tu, na senene ndani ya kikopo, ukala mmoja ili nisijisikie vibaya. Sasa Mama Koku amekonda naye, na kibanja chenu cha migomba kinalimwa na bibi yake Koku peke yake. Ofisini meza mbili zaidi zimebaki tupu. Hatuulizani tena nani yuko wapi.

Wiki iliyopita nilitumwa kupima kiwanja mtaa wa Bakoba. Theodolaiti yangu ikawa inanisumbua, kila nikirudia pembe naipata nyingine. Nikaifungua. Skrubu ya kusogezea darubini imelegea, ukiizungusha darubini inachelewa kufuata. Nikakaa chini hapo hapo kwenye majani. Chombo kinachochelewa hivyo kikilenga mlingoti unaoyumba, kitasema unayumba kidogo tu. Nikaenda stoo, nikatoa gunia, nikachukua ya kwako. Nimeijaribu siku tatu. Haina kosa.

Ulikuwa sahihi, na meli bado inapakia kwa vipimo vyangu.

Jana nilimpelekea mkuu barua. Nimeandika yote: kwamba hatukubadilishana, kwamba mimi ndiye niliyekataa, na kwa nini nilikataa. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema huenda nikaachishwa kazi hii, kisha akasema Jumatatu tupime upya. Kabla ya Jumatatu meli itasafiri mara mbili. Jana hiyo hiyo nilikwenda gatini kuwaambia watu wasipande, na mama mmoja mwenye mikungu yake akaniuliza kama nina meli nyingine ya kumpa. Naomba upepo utulie, sijui niombe nini kingine.

Nakuahidi, kwenye ukurasa wa kwanza wa vipimo vipya nitaandika jina lako kabla ya langu, na zile kurasa zenye mstari mwekundu nitazibandika nyuma yake zisomwe. Wakinifukuza, watanifukuza zikiwa zimeshaingia daftarini.

Pumzika sasa, Baba Koku. Kahawa yako ilikuwa bado mfukoni mwa koti, imekauka kama jiwe, na leo nimeitafuna. Jumatatu nitaanza kwenye chombo chako. Kioo sijakifuta.

Advera