Bangili Isiyo na Mkono

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza barua yako bila shikamoo. Ulinichapa vya kutosha kwa ajili ya neno hilo.

Nimekaa kwenye kigoda chako hapa mlangoni. Mbele yangu kuna baiskeli ya mteja imepinduliwa magurudumu juu, na sijaigusa tangu asubuhi. Mwenyewe katoka nayo Mishamo, na akija atagomba. Agombe tu. Nina neno la kukuambia kuhusu Pendo, na nisipolisema nitapasuka.

Nilikosa, mama. Naanza na hilo.

Siku tunakupeleka hospitali ulikuwa unatetemeka kwa homa mpaka meno yanagongana. Nimeshakupandisha kwenye keria ya baiskeli, ukasema, "Ngoja kwanza, sijamuaga mdogo wako." Ukashuka. Nilikasirika, nikakuambia hakuna muda wa kuaga. Ukajikokota mpaka kwenye kamba yako ya ukutani, ukaichukua bangili ya shaba iliyoning'inia, ukamwekea Pendo mkononi, ukamgusisha na ile pacha yake uliyovaa. Halafu ukauongoza mkono wake mpaka kwenye kopo. Akaitumbukiza mwenyewe. Mama katoka, mama atarudi. Ndivyo ulivyomwambia, na ndivyo alivyokuelewa.

Kamba ile, mama! Nilivyoicheka! Wakati unaianza Pendo alikuwa na miaka mitano, alizaliwa hasikii, na surua imeshamnyang'anya macho, anauma kila anayemshika kwa ghafla. Ukaenda kanisani kumsikiliza yule mwalimu wa viziwi aliyepita hapa siku mbili, ukarudi na maneno yake machache tu: mpe kitu mkononi kabla jambo halijaanza. Kesho yake ukapigilia misumari ukutani toka mlango wa chumbani mpaka mlango wa nje, ukafunga kamba. Kijiko cha bati, maana yake chakula. Dodoki, kuoga. Kipande cha mkeka, kulala. Bangili ya shaba ndiyo wewe. Kipande cha mpira wa tairi ndicho mimi, kwa sababu nanuka mpira kutwa nzima. Jambo likiisha, kitu chake kinaingia koponi, na asubuhi unavirudisha vyote kwenye misumari. Nilikuuliza kama umefungua duka la chuma chakavu. Ukaendelea kutundika. Baada ya miezi sita mtoto akakichomoa kijiko mwenyewe, akakuletea, akakugonga nacho gotini. Alikuwa na njaa na alikuwa anakwambia. Ulilia mpaka ugali ukaungua.

Sasa sikia tulichofanya sisi wenye macho.

Siku ya mazishi yako wazee walisema mtoto wa hali ile atavuruga watu makaburini, afungiwe kwa jirani. Mimi, mwanao mwenye mdomo usiofungwa, nilinyamaza. Tukakuzika yeye akiwa ndani, anagonga mlango kwa viganja. Jirani alisema aligonga mpaka tuliporudi.

Kuanzia hapo, kila asubuhi Pendo alikuwa anaamka, anaingiza mkono koponi, anaitafuta bangili yako, anaitundika kwenye msumari wako. Yeye mwenyewe. Mama karudi. Kisha anakaa chini mlangoni, hapa hapa nilipokaa, mikono imegeuzwa juu magotini. Uji hanywi. Ukimsogezea kijiko anakitupa. Siku ya nne mbavu zake zilikuwa zinahesabika, na mimi nilikuwa natoka uani kwenda kupiga teke magurudumu ya watu.

Tukafika siku ya kuanua matanga, tukagawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Shangazi akapata jembe na sufuria kubwa. Vitenge wakagawana wadogo zako. Bangili ya mkononi mwako, ile niliyokabidhiwa na wauguzi imefungwa kwenye leso, wazee wakasema ni ya mama mdogo Veronika, kwa kuwa ndiye anayekufuata. Niliichukua na kumpa kwa mkono wangu mwenyewe. Akaivaa pale pale huku analia. Uani walikuwa watu kama thelathini, na wote tuliona pambo. Hakuna aliyeona kwamba tumemvika jina lako.

Mchana huo mama mdogo akampelekea Pendo uji. Mkono wa Pendo ukagusa ile shaba. Mama, alicheka. Kile kicheko chake cha kukoroma, kinachoanzia tumboni. Akaushika ule mkono kwa mikono miwili, akaunusa, akaunusa tena. Halafu akafungua mdomo, akala bakuli zima. Akina mama wakapiga vigelegele, kwenye matanga. Na mimi nilifurahi. Sikufichi, nilifurahi kuliko wote, na usiku huo nililala.

Ulikuwa uongo, na kwa wiki tatu tuliula kwa kijiko.

Pendo hakuwa mjinga, wewe ndiye uliyekuwa unasema hivyo kila siku. Alianza kunusa mkono kabla ya kila tonge. Kisha akawa anapanda nao, kiwiko, bega, shingo, mpaka kidevuni anapotafuta lile kovu lako la mwiko wa moto. Halipo. Anashuka tena, anaikuta bangili. Ipo. Anapanda tena. Akichoka kutafuta anajigonga kichwa ukutani, ko, ko, ko, na tukimzuia anauma. Miaka sita ulimfundisha kwamba kinachowekwa mkononi mwake ni kweli. Sisi tulikuwa tunambomolea hiyo miaka, mlo kwa mlo.

Nikasema bangili ivuliwe. Mama mdogo akaja juu.

"Nyie mnataka kumuua huyu mtoto kwa njaa? Mwacheni adhani mama yake yupo. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba hayupo," nikasema, kwa sauti ambayo usingeivumilia.

Mjomba naye akaingia na lake. Mvua zinakaribia, mama mdogo lazima arudi Sibwesa akalime, na lori linaondoka Jumamosi asubuhi. Basi amchukue Pendo akae naye huko. "Kwani hapa atabaki na nani? Wewe fundi baiskeli utamwogesha?" Nikauliza kuhusu kamba. Akasema kamba ya nini tena, huko kuna watu wengi wa kumshika mkono. Watu wengi! Mtoto anayeuma akishikwa bila taarifa. Niliona kabisa atakavyokuwa: amekalishwa pembeni ya nyumba, analishwa akitulia, anafungwa akisumbua, na hana cha kumpa mtu mkononi aseme nina njaa, nataka kulala, mama yuko wapi.

Ilikuwa Jumatano. Nilibaki na siku mbili, na sikujua namna ya kumwambia. Ningeitumbukiza bangili koponi, angeitoa asubuhi. Wewe uliitengeneza kamba hivyo, kila kinachoingia koponi kinarudi. Nilikukasirikia, mama. Nilisimama mbele ya misumari yako nikasema kwa sauti, ulishindwaje kumwekea neno la kufa?

Nikauona ule msumari mtupu, wa tatu toka mlangoni.

Nilikuwa nimemsahau kuku. Yule mwekundu aliyekuwa analala mapajani kwa Pendo, aliyetundikiwa unyoya kwenye kamba. Alipokufa kwa kideri nilitaka kumtupa. Ukanizuia. Ukampa Pendo yule kuku, baridi, shingo imelegea, ukamwacha amshike muda wote aliotaka. Kisha mkachimba naye nyuma ya choo, kwa vidole vyake, akamlaza, na unyoya ukaingia shimoni pamoja naye, sio koponi. Mimi nilikuwa napita na spana, nikasema mama sasa unazika kuku, bado kumwita padri. Haukurudi ule unyoya. Aliutafuta siku tatu, kisha akaacha. Na ulipoleta vifaranga wengine uliwatundikia kifuko cha mahindi, wala hukuugusa msumari ule.

Kumbe neno ulishamwekea. Mimi ndiye nilikuwa nacheka wakati unaliweka.

Ijumaa asubuhi mama mdogo alinifuata mwenyewe, macho yamevimba. Akanyoosha mkono wenye bangili. "Nimechoka, Kasiani," akasema. "Ananinusa kama anamtafuta mwizi. Usiku nauota mkono huu kama si wangu." Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, maneno yangu nimeyapanga, nikayaacha. Nikamwomba asiivue bado, twende wote.

Nikampa Pendo kipande cha mpira, akajua anatoka na mimi. Nikampakia kwenye keria, mama mdogo akatembea pembeni. Pale Kashaulili gari la kampeni lilikuwa limesimama na vipaza sauti vyake, vyama vyote siku hizi vina gari, na Pendo akaweka kiganja kifuani maana ngurumo ilikuwa inampiga. Nilikuwa nawaza, nikikosea hapa, nimemfundisha nini? Kwamba mama ni udongo?

Nikamkalisha kando ya kaburi lako. Nikamwekea mkononi unyoya niliouokota uani. Akautambua. Nikaviongoza vidole vyake kwenye udongo, bado ni laini, nikachimba naye kidogo, tukauweka unyoya, tukafukia. Alikuwa ametulia kabisa, kichwa kaegemeza upande.

Kisha mama mdogo akampa mkono. Pendo akaikuta bangili. Na akiwa bado ameishikilia, mama mdogo akauchomoa mkono wake polepole, bangili ikabaki mikononi mwa Pendo, haina mkono.

Aliitafuta ile nafasi katikati, mama. Aliingiza vidole, akapitisha kiganja chote upande mmoja na kutokea wa pili. Akamshika mama mdogo mkono mtupu, akaunusa, akauachia. Hakuuma. Akarudi kwenye bangili, akainusa. Akapapasa udongo, akafuata tuta lako lote toka miguuni mpaka msalabani, kwa magoti, huku mkono mmoja umeishika. Sikumwongoza. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kofia yangu.

Pale kwenye msalaba akachimba. Alichimba kwa nguvu mpaka kucha zikatoka damu. Akaiweka. Akafukia, akapiga udongo kwa kiganja mara tatu, kama alivyomfanyia yule kuku. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, mrefu, wa mtu mzima, na mama mdogo akapiga goti akaupokea. Ndipo Pendo alipokuzika. Sisi wengine tulikuwa tumetangulia tu.

Mama mdogo alipanda lori Jumamosi peke yake, mkono mtupu. Hakunilaumu. Mjomba bado hanisalimii.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Siku ya kwanza hakula. Ya pili alikunywa uji nusu. Ya tatu alinitupia dodoki usoni, na alikuwa na haki maana nilimpa maji ya moto. Binti wa jirani anakuja kumwogesha sasa, nilimfundisha kamba kwanza, na alipocheka nilimfukuza, kisha nikamfuata kumwomba msamaha kwa sababu kwenye kicheko chake nilijiona mimi. Bangili ya kwenye kamba, ile pacha, Pendo aliiacha kwenye msumari wake. Kila asubuhi alikuwa anaigusa, anapita, anakwenda kwenye kijiko. Sikuiondoa. Sikujua niiondoe au niiache, hukuniachia maelekezo.

Leo asubuhi nimepindua baiskeli hii, nimeshafungua tairi la nyuma, nikasikia kitu kinanigonga gotini. Pendo. Ameichomoa bangili yako kwenye kamba na ananipa. Nikajua tumerudi mwanzo, anakudai kwangu. Nikaishika tu. Akangoja. Akaninyang'anya, akaenda tena kwenye kamba, akarudi na kipande cha mpira. Akaniwekea vyote viwili kiganjani, bangili na mpira, akanifunga vidole. Kisha akanivuta shati kuelekea njia ya makaburini.

Alikuwa hasemi urudi. Alikuwa ananiomba nimpeleke kwako.

Tumetoka huko sasa hivi. Alikaa, akapapasa msalaba, akanusa udongo, akaniachia bangili niibebe. Tulipofika nyumbani aliitumbukiza koponi yeye mwenyewe. Kesho itarudi msumarini.

Basi mama, pumzika. Homa ilikukatisha, lakini neno lako lilifika, na Pendo ameliongezea lake. Nakuahidi hivi: hakuna mtu atakayevaa shaba ile tena, na sitamwekea mkononi kitu kisicho kweli hata kama kweli inamliza. Na siku yoyote akija kunigonga gotini na bangili, hata kama nina baiskeli ya mkuu wa wilaya imefumuliwa yote, nitanawa mikono twende kwako.

Mwanao,
Kasiani