Zamu ya Musaga

Dada Rehema,

Kigoma hamjambo? Mimi mzima, ila hotuba zimenichosha. Tumeitwa Bujumbura kujadili namna raia wa kawaida watakavyosikika kwenye mashirika ya dunia. Leo kila msemaji alianza kwa kuwasalimu wakubwa wote kwa vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, hadi samaki wetu wakapoa jikoni. Mwalimu Spesi, anayeongoza chama cha akina mama wa Musaga, mtaa wa pembeni mwa mji, aliwekwa wa mwisho. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshasimama, mkoba begani, maana kwa vita hivi askari hufunga barabara ya kwao mapema.

“Mi naenda,” alisema. “Nauliza tu: nani alichagua hii saa ya mkutano? Sisi apana mutu alituuliza.”

Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake mzuri, kisha akatangaza kwamba sauti ya raia imesikika. Tukapiga makofi, Dada. Hata mimi!

Nibusie watoto. Na kile kikao cha Jumapili, cha kuamua Mama ahamie kwa nani, kiahirisheni. Mama mwenyewe hatujamuuliza.

Mdogo wako,
Asha