Simu Zinazoshinda kwa Kinyozi

Jumatatu, 2 Juni
Nimepeleka simu kwa kinyozi. Si kunyoa, nina upara tangu tukiwa wakimbizi kambini Tanzania. Ila kinyozi ndiye mwenye sola hapa kwenye kilima chetu cha Mwakiro. Asubuhi tunamwachia simu zichajiwe, jioni tunachukua. Simu zenyewe katugawia Spesi, mtoto wa dada yangu, profesa wa kompyuta. Zinamwambia kila mtu yuko wapi. Nilitia sahihi kwamba nitatembea nayo saa zote. Uongo mtupu.

Jumanne, 3 Juni
Spesi kaja na ramani, anang'aa kama bibi harusi. "Mjomba, nimegundua moyo wa kilima! Watu wote wanashinda kwa kinyozi, hata wewe!" Ijumaa ataieleza kule Gitega, mbele ya maprofesa wakubwa. Wakikataa, utafiti wake umekufa. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Hakuuliza nacheka nini. Profesa!

Jumatano, 4 Juni
Leo sicheki. Mtoto huyu alifungua redio yangu kule kambini akiwa na miaka saba, akairudisha ikiimba vizuri kuliko mwanzo. Nikatamba naye kwa majirani wote. Sasa nimwache aaibike? Nimemwambia.
"Mjomba, umeniua."
"Simu zinashinda kwa kinyozi, sisi tuko shambani. Ungeuliza."
"Mbona hukusema?"
"Nilifurahi kunyolewa kila siku."
Hakucheka. Mimi mzee mjinga.

Alhamisi, 5 Juni
Spesi kashinda kwenye benchi la kinyozi. Kila anayeleta simu anamuuliza: unakwenda wapi bila hiyo? Mama mmoja kamjibu, "Kulima, dada. Jembe halipigiwi simu." Kaandika. Mimi hajanisalimu.

Ijumaa, 6 Juni
Gitega. Kanichukua, lakini njia nzima kainamia daftari lake. Nimevaa koti la harusi yangu, vifungo vimegoma.
Alianza na kosa lake mwenyewe. Halafu yale ya benchini. Mkubwa wao, mwenye miwani, akanigeukia: "Na simu yako, mzee, iko wapi sasa hivi?"
"Iko kwa kinyozi, bwana."
"Yampayinka!" Kaapa kwa Kirundi, kacheka hadi kavua miwani. Wote wakafuata. Kisha maswali, mengi, ya kweli. Wamekubali aendelee. Spesi kanishika mkono, kauminya hasa. Umeuma. Sawa.

Jumamosi, 7 Juni
Spesi kalala kitandani kwangu, mchana kweupe, viatu mguuni. Nimefukuza kuku dirishani. Nikitaka kukohoa, naenda migombani.