Kwa Baba Mutheu, Juu ya Jina Lako na Nyumba ya Watoto

Mpendwa Baba Mutheu,

Wiki iliyofuata mazishi yako, kamati ya wafanyakazi ilikaa bila wewe. Nilikwenda. Watu waliniambia nipumzike kwanza, lakini wewe unanijua: nikibaki nyumbani Mumbuni bila kazi nitagombana na masufuria. Bi. Zuhura, katibu wetu, alisoma majina ya waliohudhuria, kisha akasoma ya waliotuma udhuru. Akasema, "Mwenyekiti." Ulimi ulienda wenyewe. Miaka yote aliyoandika kumbukumbu zetu, kiti chako kikiwa kitupu maana yake ilikuwa moja tu, kwamba umeitwa Nairobi na utarudi jioni. Alipotambua alichosema alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio wake, akaanza kulia, na hakuna aliyejua kama kikao kiendelee ama kifungwe. Mimi ndiye niliyesema, "Andika hivyo hivyo, Zuhura. Ametuma udhuru."

Nakuandikia kuhusu kamati hiyo. Naandika wazi, kwenye jarida letu la wafanyakazi, ili wenzetu tuliokaa nao meza moja waisome barua hii kama ninavyokusomea wewe.

Unakumbuka ulivyoniendesha mle ndani? Nyumbani nilikuwa Mama Mutheu. Tukivuka mlango wa chumba cha mikutano nilikuwa Daktari, na tena Daktari wa mwisho kupewa nafasi, kwa sababu hukutaka mtu aseme unampendelea mke wako. Ulikaa pale na koti lako la kahawia ulilonunua sokoni Tala, la mtumba, ukaapa lilikuwa la balozi, na ukaninyooshea kalamu.

"Daktari, uko na dakika mbili. Na tafadhali usianzie enzi ya ukoloni."

"Mwenyekiti, ningeanzia kwingine kama ukoloni wenyewe ungekuwa umeisha."

Walicheka wote, nawe ukacheka, kisha ukaangalia saa na kunihesabia dakika zangu bila huruma. Niliwahi kukununia kwa sababu ya zile dakika, njia nzima hadi nyumbani. Leo hakuna anayenikatiza. Naongea hadi nachoka, na watu wananisikiliza kwa upole mbaya sana.

Ajenda ya kwanza ya kila kikao chako ilikuwa habari za chuo, na wewe ndiye uliyeweka desturi kwamba kila aliyekaa mezani alete habari moja ya upande wake, awe profesa ama dereva, na hakuna kuruka. "Za ofisi kubwa tutazisoma kwenye ubao wa matangazo," ulikuwa ukisema. "Hapa nataka zenu." Ndiyo maana tulijua bomba lilipasuka hosteli ya wasichana kabla mkuu wa chuo hajajua. Tulijua nani amepata mjukuu na nani ameacha pombe. Waliotuona kwa nje walidhani tunapoteza wakati kwa umbea, na mimi mwenyewe nilisema hivyo siku moja, kwa sauti.

Kisha katika kikao kimoja zamu ikamfikia Mama Kioko, wakati huo akisafisha maktaba. Habari yake ilikuwa fupi. Alisema kuna mama wa idara ya fedha ananyonyesha mtoto stoo, katikati ya viti vilivyovunjika, na juzi kiti kimoja kimeanguka karibu na kichwa cha mtoto. Akakaa. Hukumwita aliyefuata. Ulivua miwani ukanitazama, na kwa mara moja katika maisha yetu ya kamati tulikuwa upande mmoja.

Tulipigana vita hivyo pamoja, wewe kwa barua zako za adabu na mimi kwa kelele, hadi ikasimama ile nyumba ndogo ya mabati mekundu nyuma ya maktaba, ambamo wafanyakazi huacha watoto wao asubuhi na kuwachukua jioni. Mama Kioko akapewa kuisimamia. Mutheu wetu alijifunzia kutembea mle. Wakati wa chai ya saa nne ulikuwa ukienda kuchungulia, unachuchumaa mlangoni na koti lako, na watoto wanakutolea chaki mifukoni na kuzila. Mama Kioko alikufukuza kama angemfukuza mbuzi. "Mwalimu, chaki si chakula! Toka, utaniharibia watoto tumbo!" Nawe ulitoka ukiomba msamaha, wewe uliyekuwa ukiwatisha madiwani.

Lakini haki isemwe: hukuwa mtu wa kuogopa majengo mapya. Tuligombania ukuaji wa chuo mezani kwetu hadi muthokoi ukapoa na Mutheu akahamia sebuleni na sahani yake. Mimi nilisema chuo kinachoongeza kuta bila kuongeza walimu si chuo, ni biashara ya ploti. Wewe hukupandisha sauti.

"Mama Mutheu, kuna wanafunzi wangu wanasikiliza hesabu wakiwa nje ya dirisha. Kuna msichana anaandika akiwa ameweka daftari kwenye mgongo wa mwenzake. Enda umwambie yeye asubiri tuajiri kwanza."

Sikukujibu vizuri usiku ule, na ulijua. Kisha ukaanza kuugua, tukawa na mambo mengine ya kuzungumza. Ukaondoka kabla haijajulikana jengo jipya la mihadhara ulilolitaka litasimama wapi.

Sasa limejulikana. Ramani imechorwa na jengo limewekwa pale pale penye nyumba ya watoto, kwa sababu ni tambarare na maji yako karibu. Watoto watahamishiwa "mahali patakapoonekana panafaa." Nimefundisha historia ya kutosha kujua maneno ya namna hiyo hupeleka watu wapi.

Nilijiandaa kwa kikao kilichofuata. Niliandika hoja, kurasa kwa kurasa, nikaziweka kwenye mkoba kama mtu anayekwenda kortini. Lakini Bwana Musembi, aliyerithi kiti chako, aliinuka kabla sijafungua mkoba.

"Mama Mutheu," alisema. Mama Mutheu, mle ndani! Ningepaswa kushtuka hapo hapo. "Wenzako tumekaa, tumeonelea jengo hili lisimame hapo lilipochorwa, na lipewe jina la marehemu. Na tunaomba pendekezo hili liungwe mkono na wewe mwenyewe."

Unajua kanuni yetu, uliilinda wewe: hakuna pendekezo linalokwenda mbele bila mtu wa kuliunga mkono. Alikuwa ameweka picha ya jengo mezani, vioo vitupu na miti ambayo haijapandwa, na jina lako limeandikwa juu ya mlango. Nitakuambia ukweli kwa sababu hata ukiwa kaburini huko kwenu Katelembo siwezi kukuficha. Lilipendeza. Nililisoma mara mbili. Kisha nikaona mlango wenyewe umekaa pale ambapo watoto hulala mchana.

Nikasema, "Siungi mkono."

"Kuna mwingine?" Musembi akauliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Nani angenyanyua wake juu ya kichwa cha mjane, na udongo wa kaburi haujakauka? Pendekezo likaanguka bila neno moja kusemwa juu ya chuo, watoto ama wanafunzi. Mama Kioko alinikumbatia koridoni akaniinua kidogo kutoka sakafuni. Zuhura alinishika mkono. Hoja zangu zilirudi nyumbani kwenye mkoba kama zilivyokwenda.

Sikula usiku huo. Nimeshinda mabishano mengi, mengine kwa hoja na mengine, nakubali, kwa sauti tu. Sikuwahi kushinda kwa kuhurumiwa. Musembi alileta jina lako ili mimi ninyamaze. Nami nikakaa pale nikiwa mjane wako, wakanyamaza wao. Kama yeye alikosea, na alikosea, sioni nilivyokuwa bora kuliko yeye. Na huruma yenyewe ni ya msimu. Mvua zikinyesha mara mbili tatu nitakuwa tena yule mama mkorofi wa idara ya historia, ramani itarudishwa mezani, na hakutakuwa na sababu yoyote iliyoandikwa ya kuikataa, ila kwamba siku moja mwanamke mmoja alikuwa amefiwa.

Kwa hiyo nilimwandikia Zuhura suala hili lirudishwe. Jina lako liondolewe kabisa, libaki swali lenyewe: jengo lisimame penye nyumba ya watoto, ama lisogezwe kule kwenye mawe nyuma ya matangi ya maji, ambako kuchimba ni kazi ngumu lakini hakuna mtu wa kuhamishwa? Watu wajadiliane, wapige kura. Musembi alikubali haraka kuliko nilivyopenda.

Mama Kioko alinijia ofisini bila kubisha hodi.

"Aiya, Mama Mutheu! Si hii maneno tulikuwa tumemaliza? Umemaliza wewe mwenyewe, na mdomo yako. Sasa unawaitia nini?"

"Watairudisha tu nikistaafu."

"Si wairudishe ukistaafu basi! Hawa wangu watakuwa wamejua kutembea."

"Na watakaozaliwa?"

"Hao hawako. Hawa wako, na niko nao kila siku. Wewe unataka kushinda vizuri. Mimi nataka kushinda tu."

Hajanisalimia tangu siku hiyo. Tukipishana kwenye geti anautazama mkoba wangu. Wala simlaumu, maana kura ikienda vibaya, si mimi nitakayebeba magodoro madogo kuyatoa nje.

Kila mtu chuoni anajua ungesema nini. Musembi anaapa ungelitaka jengo pale pale. Mama Kioko anaapa ungelala mbele ya tingatinga. Mimi niliyelala kando yako nusu ya maisha yangu ndiye peke yangu nisiyejua. Wakati mwingine nakuona ukisema watoto wajengewe nyumba bora mahali pengine, tusiwe wakaidi juu ya mabati. Wakati mwingine nakuona ukivua miwani. Ungeniuliza kitu ambacho sijakifikiria, ningekasirika, na kufika asubuhi ningekuwa nimefikiria. Ndicho nilichokizika kule Katelembo, Baba Mutheu. Watu wananiambia pole kwa kumpoteza mwenzangu wa kuniunga mkono. Wewe hukuniunga mkono hata mara tano. Nimempoteza mtu aliyenipinga akiwa ananipenda, na sijui nitampata wapi mwingine katika umri huu.

Kikao ni kesho. Siwezi kukutungia maneno ambayo hukuyasema, na nitamkatiza yeyote atakayejaribu. Lakini uliyoyasema nayajua yote. Jana nilikaa jikoni nikayaandika: wanafunzi walio nje ya dirisha, msichana na daftari lake, wazazi wanaouza ng'ombe ili mtoto wao aje kusimama juani. Niliyaandika kwa nguvu uliyokuwa nayo, bila kuyachekesha na bila kuyapunguza. Kesho nitayasoma hayo kwanza, kama hoja za upande wa jengo, kabla ya kufungua zangu, kwa sababu wale wanafunzi pia hawana mtu mezani.

Nilipomaliza nikayasoma kwa sauti kuyajaribu. Mutheu, ambaye tangu mazishi bado hajarudi kazini kwake Nairobi, alikuwa mlangoni akinisikiliza.

"Mama, ukiyasoma hivyo utashindwa," aliniambia.

Huenda. Nitayasoma hivyo hivyo.

Pumzika, mume wangu. Huku bado tunabishana.

Mke wako,
Mama Mutheu